Dada Benedikta na Joto la Ruksa

Mimi Machibya nimesoma hadi darasa la nne, nikaacha kwa hiari ya mwalimu. Lakini kwa mambo ya ng'ombe, hapa kwetu Bariadi hakuna profesa wa kunifundisha. Namjua ng'ombe mwenye mimba kwa kumtazama tu anavyokunywa maji. Namjua dume mvivu kwa masikio yake. Kwa hiyo mkisikia kwamba mimi ndiye niliyemponza dada yangu hadi akakaribia kunyang'anywa ng'ombe, msishangae. Mjuzi akikosea, hukosea kwa ukubwa wake.

Benedikta ni dada yangu wa tumbo moja. Tulizaliwa Migato, yeye akaolewa huku karibu na mji, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka stendi ya Bariadi. Mimi nikamfuata baadaye nikajenga jirani yake. Yeye husema nilifuata ugali wake, na si uongo. Ni mwanamke mrefu, mwenye viganja vipana, asiyecheka haraka. Mimi nikisema maneno kumi yeye husema moja, na hilo moja ndilo hufanyika.

Alizaa watoto watano wakabaki wawili, kijana aliyepotelea machimboni na msichana Joyness. Mumewe alipofariki, ndugu za marehemu walimaliza matanga, wakanyanyua fimbo zao, wakaswaga ng'ombe wote kumi na wanne. Walisema ni mali ya ukoo. Benedikta akabaki na zizi tupu na jembe la kukokotwa lisilo na wa kulikokota. Kwetu Usukumani zizi tupu ni kama mdomo usio na meno. Watu wanakusalimu vizuri, lakini wakiondoka wanakuonea huruma, na huruma ya jirani haina mboga. Miaka minne alilima pamba kwa jembe la mkono, na kila aliposikia kengele za ng'ombe wa wenzake jioni, alikuwa anaingia ndani.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Wenye umri wangu wanaikumbuka. Bariadi ilikuwa bado chini ya Shinyanga, na Simiyu lilikuwa jina la mto tu. Mitumba ruksa, redio za kila aina ruksa. Pamba iliyokuwa ikinunuliwa na ushirika peke yake ikaanza kugombewa na wanunuzi binafsi wenye mizani mipya na kofia za bure. Serikali nayo ikasema wafanyakazi wake ni wengi mno, ikaanza kuwapunguza. Mmoja wa waliopunguzwa alikuwa Athanasi, mume wa Joyness.

Athanasi alikuwa bwana mifugo, kazi yake uhimilishaji, yaani kuwapa ng'ombe mimba bila dume. Mtu mfupi, mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi wa kushonea magunia. Alitoka serikalini na barua moja, baiskeli moja, na ujuzi wa mkono wake wa kushoto. Akaanza kujitegemea. Nyuma ya baiskeli alifunga mtungi wenye baridi kali inayofuka kama moshi, na ndani ya mtungi kuna mirija myembamba kama njiti za ufagio, kila mrija una mbegu za dume la kizungu ambalo labda lilikwisha kufa na kuliwa. Watu walimwita Dume la Baiskeli. Mimi ndiye niliyelitunga jina hilo, na mpaka leo hajanilipa hata soda.

Sasa, kanisa lilikuwa na mradi wa ng'ombe wa maziwa kwa wajane. Unapewa mtamba mmoja, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa. Ndama jike wa kwanza unampa mjane anayefuata kwenye orodha, kisha ng'ombe ni wako, hakuna ukoo wala fimbo. Masharti yalikuwa mawili. Ng'ombe apandishwe kwa mbegu bora, si kwa dume la mtaani, na kamati itakapopita mwezi wa kumi na moja akutwe na mimba. Asipokuwa nayo, anahamishwa kwa mwenzako.

Benedikta alisubiri miaka miwili kwenye orodha hiyo. Mwezi wa pili akapewa mtamba mweusi mwenye baka jeupe begani. Mimi nikamwita Ruksa. Dada alijenga banda kwa mikono yake nyuma ya nyumba, akawa anakata majani korongoni kila siku na kuyabeba kichwani. Kiangazi kilipokuja majani yakawa mbali, akawa anatoka jua halijachomoza na kurudi limekwisha kuwa kali. Aliyefuata kwenye orodha alikuwa jirani yetu Ng'washi. Huyo alipita pale kila wiki kusalimia, na salamu ya kwanza alimpa ng'ombe.

"Ruksa wangu hajambo?"

"Wangu hajambo," Benedikta alikuwa anajibu.

Mtasema basi shida iko wapi, mkwe ni mhimilishaji, mtungi uko kwa mkwe. Ninyi wa siku hizi hamjui ukwe. Kwetu mama mkwe na mume wa mwanawe hawatazamani usoni. Hawali pamoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia shambani mwa watu mpaka mwenzake apite. Mkwe hafiki uani kwa mama mkwe. Na maneno ya mambo ya ndani, ya kupandana na kuzaa, hata yakiwa ya kuku, hayapiti kati yao. Miaka mitatu tangu Joyness aolewe, Benedikta na Athanasi walikuwa hawajaambiana neno zaidi ya salamu, nayo kwa mbali.

Kwa hiyo wakahitaji kinywa. Na kinywa kikubwa kuliko vyote kilikuwa changu.

Athanasi aliniita akanielekeza. Pamba ilikuwa imechanua, tumesimama kando ya shamba.

"Mjomba, hili ua unalionaje?"

"Jeupe."

"Na lile?"

"Jekundu. Mkwe, unanipima macho?"

"Hili jeupe limefunguka leo asubuhi. Unga wake uliangukie leo, ndipo litunge. Kesho litakuwa jekundu kama lile. Likishakuwa jekundu, hata ulimwagie unga gunia zima, limefunga mlango. Ng'ombe ni hivyo hivyo. Kila baada ya siku ishirini na moja ana siku yake moja. Anapiga kelele, anakataa kula, anatoa ute mwangavu, na ukimgusa kiunoni anasimama, hakimbii. Hilo ndilo joto. Likipita, baada ya saa kama kumi na mbili yai linashuka, nalo linaishi saa chache tu. Mbegu nazo zinataka ziwahi, zikalisubiri. Kwa hiyo joto likionekana asubuhi, mimi nifike jioni ya siku hiyo hiyo. Likionekana jioni, nifike kesho yake asubuhi. Umeshika?"

"Mkwe, mimi nilikuwa nachunga ng'ombe baba yako akiwa bado anatambaa."

Nikampelekea dada maneno hayo, nikiyazungusha kwa heshima, nikitaja pamba tu, ng'ombe simtaji. Aliacha kupepeta.

"Kumbe ni siku moja," alisema.

Nilijua ameelewa. Baadaye nilikuja kutambua alielewa kuliko mjumbe.

Joto la kwanza lilikuja mwezi wa saba. Benedikta aliniita alfajiri.

"Machibya, nenda mjini kwa mkwe. Mwambie mambo tayari. Usipite popote."

Nilitoka pale pale, Mungu ni shahidi. Lakini njiani kulikuwa na kituo kipya cha kununua pamba. Wanunuzi wawili wanagombea wakulima, huyu anagawa kofia, yule anagawa fulana, na watu wanabishana kama mizani ile inasema kweli. Wakaniona. "Machibya huyo, yeye anajua mizani!" Ningefanya nini? Nilieleza mizani. Nilivaa kofia. Nikaeleza tena kwa waliochelewa. Jua likazama nikiwa bado naeleza, nikalala kwa rafiki. Kwa Athanasi nilifika kesho yake saa tatu asubuhi.

"Mjomba, joto limeonekana saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Alfajiri ya leo?"

"Ya jana."

Akavua miwani akaifuta muda mrefu. "Mjomba, umeniletea ua jekundu."

Benedikta hakunigombeza. Alinipa ugali bila mboga, akasema, "Ishirini na moja," akaenda kukata majani.

Joto la pili nilisema litanikuta macho. Siku ya ishirini dada aliona Ruksa anahangaika jioni. Nilikimbia mjini nikarudi na jibu kwamba Athanasi anakuja asubuhi. Hapo likazuka jambo jingine. Banda liko nyuma ya nyumba, uani kwa mama mkwe, na mkwe hawezi kukanyaga uani. Nikatoa akili yangu. Tumlete ng'ombe kwangu, mimi nitamshika, Benedikta akae ndani kwake mpaka kazi iishe. Heshima itabaki na mimba itaingia.

"Ruksa hakujui," Benedikta alisema.

"Dada, mimi nimeshika madume yenye pembe kama mlango wa kanisa."

Ruksa alikubali kamba mpaka kwenye uzio wangu wa minyaa. Pale akaona kofia yangu ya wanunuzi wa pamba. Sijui ilimkumbusha nini. Aliruka, akanivuta, akanitumbukiza kwenye minyaa kichwa mbele, utomvu ukanijaa machoni. Anayeujua utomvu wa minyaa ananihurumia hapo. Nilikaa chini nikilia kama mke mdogo, Athanasi akinimwagia maji, na ng'ombe akaingia mashambani na kamba yake. Benedikta alikuwa ndani, amejifungia kama mila inavyotaka. Anasikia kelele, anasikia kwato zinapita, na hawezi kutoka kwa sababu mkwe yuko nje. Walimpata ng'ombe alasiri karibu na korongo, anahema, amekatika magoti, joto limekwisha. Athanasi alijaribu hata hivyo. Ruksa alimpiga teke la goti akamvunjia mrija mkononi.

Siku hiyo dada alizungumza.

"Machibya, tumebakiwa na moja. Ya tatu ikipita, ya nne itakuja karibu mno na kamati. Hata akishika, mkono wa mpimaji hautaiona mimba bado. Watamchukua Ruksa na mimba yake tumboni, apewe Ng'washi."

"Ya tatu nitalala mlangoni pa banda, dada. Mpaka mbu wanijue jina."

Nilisema hivyo kwa moyo mmoja. Lakini mwisho wa mwezi wa nane kulikuwa na mashindano ya ngoma Sola, kule Maswa. Sisi wa kundi la Wagalu tulikuwa tunashindana na kundi la Wagika, na ngoma ya Wagalu bila mimi na chatu wangu ninayecheza naye ni mboga bila chumvi. Nilihesabu vidole vyangu nikaona nitarudi siku moja kabla. Nilihesabu vibaya. Yaliyofuata sikuyaona. Nimeyapata kwa Joyness, naye hana ufundi wangu wa kutia chumvi, kwa hiyo yaaminini.

Alfajiri hiyo Ruksa alilia. Benedikta aliingia bandani akaona alichokiona. Akaja kwangu, akaukuta mlango una kufuli. Alisimama kidogo, akajifunga khanga kiunoni, akashika njia ya mjini.

Saa mbili na nusu Joyness alikuwa akipepeta mchele uani kwake, Athanasi amepindua baiskeli anatia mafuta mnyororo. Joyness akamwona mama yake anasimama nje ya uzio wa minyaa, anageuka, anaupa uwanja mgongo. Athanasi akaona pia. Akaruka nyuma ya ukuta.

"Mama! Mwangaluka, karibu."

"Mwangaluka. Sikuja kwako."

"Umekuja kwa nani?"

"Nimekuja kwa hii minyaa."

Joyness alidhani mama yake amepata homa ya kichwa. Lakini Benedikta alikwisha kuanza kuzungumza, kwa sauti ya mtu anayeita mtoto ng'ambo ya korongo.

"Minyaa, mimi ni mtu mzima, nimezaa watano na kuzika watatu. Kwako sina haya. Leo alfajiri nimemkuta Ruksa analia. Mkia ameuweka pembeni. Ute unaning'inia, mwangavu kama wa yai, ukiuvuta haukatiki. Jana jioni nilimkagua, hakuwa na kitu. Basi, nimemaliza."

Joyness alishika ungo, mchele ukamwagika hakuuona. Kisha nyuma ya ukuta ikatoka sauti ya Athanasi, nyembamba kidogo.

"Baiskeli yangu, mwenye ng'ombe huyo angekuwepo, ningemwuliza kama ukimwekea uzito kiunoni anasimama au anakimbia."

"Minyaa, anasimama. Nimemlalia mgongoni kwa kifua changu, ametulia kama kisiki."

Joyness akajifunika uso kwa ungo.

"Basi, baiskeli, ni leo jioni, saa kumi na moja. Ng'ombe akae kivulini, apewe maji, asitembezwe hata hatua moja. Ila sijui nani atamshika."

Joyness anasema mabega ya mama yake yalipanda yakashuka mara tatu.

"Minyaa, ndugu yangu Machibya yuko Sola anacheza na nyoka. Ruksa anamkubali mtu mmoja tu. Nitamshika mimi. Na banda liko palepale nyuma ya nyumba yangu, njia ninaifungua mwenyewe."

Athanasi alikuwa mtu wa mila pia, msifikiri kwa sababu ya miwani. Kumwona mama mkwe uso kwa uso uani kwake, huku mkono wake mwenyewe uko ndani ya ng'ombe mpaka begani! Wazee wakisikia watasema nini?

"Baiskeli," alisema mwisho, "tutakwenda."

Benedikta aliondoka bila kugeuka. Hakunywa hata maji ya mwanawe.

Saa kumi na moja Athanasi alifika na Joyness, aliyeletwa ili awe katikati. Hakuhitajika. Benedikta alikuwa amejitanda khanga kichwani mpaka machoni, ameshika kichwa cha Ruksa kifuani mwake, anamkuna chini ya kidevu. Athanasi akaingia kwa nyuma, macho chini. Kati yao kulikuwa na urefu wa ng'ombe mmoja. Walimfanya ng'ombe kuwa ukuta. Mkono wa kushoto ukaingia taratibu, ukatafuta mlango wa kizazi kwa kupapasa, na mkono wa kulia ukapitisha mrija. Ruksa alisogea mara moja. Benedikta alimwambia jambo sikioni, akatulia. Hayakuchukua hata muda wa kumenya viazi.

"Baiskeli, imekwisha," Athanasi alisema.

"Minyaa, ahsante," Benedikta alijibu, na bandani hakukuwa na minyaa.

Niliporudi kutoka Sola, tena washindi, nilikuta habari imeenea. Kisimani wanawake wanacheka. Ng'washi anasimulia kwamba Benedikta na mkwewe wameshika ng'ombe mmoja, huyu mbele yule nyuma, bila hata chandarua katikati. Nami nikapandwa na hasira za heshima ya ukoo. Nilikwenda kwa dada nikiwa nimevaa kofia yangu.

"Dada, umetuvua nguo. Umemwambia mkwe maneno ya ute!"

"Wewe ulikuwa wapi?"

Nilivua kofia, nikaikung'uta vumbi.

Wazee wawili nao walikuja, wakakaa kwenye vigoda, wakasema ukwe umevunjwa. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akawaambia, "Baba zangu, ukoo ulipokuja kuchukua ng'ombe kumi na wanne mlikuwepo, hamkusema kitu kimevunjwa." Mmoja akakohoa. Mwingine akauliza kama kuna maziwa. Hayakuwepo bado, wakaondoka.

Siku ya ishirini na moja baada ya jioni hiyo, Benedikta hakwenda shamba. Alikaa mlangoni pa banda tangu alfajiri, anamtazama Ruksa kama mtu anayesubiri mgonjwa azungumze. Mimi nilikaa naye, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikiwa kimya siku nzima. Ng'ombe alikula. Akacheua. Akalala. Siku ya ishirini na mbili, hivyo hivyo. Ya ishirini na tatu nikasema, "Dada, ameshika." Akasema, "Anaweza kuwa ameshika, anaweza kuwa amekonda tu." Kiangazi kikali huzima joto la ng'ombe hata kama hana mimba. Hilo alikuwa amelisikia kwa Athanasi, kupitia Joyness, na lilimla. Alipungua mwili kuliko ng'ombe wake. Majani yakawa ya kufuatwa mbali zaidi, na aliyafuata.

Kamati ilikuja wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, mawingu ya mvua yakiwa yanakusanyika. Mwenyekiti alikuwa Januarius, katekista mstaafu, mtu wa haki mpaka anachosha. Nyuma yake wanawake wa orodha, na Ng'washi ameshika kamba mpya mkononi. Hakuificha.

Athanasi alikunja mkono wa shati. Ng'washi akasema kwa sauti, "Mwenyekiti, huyo ni mkwewe. Atasemaje hana?"

Watu wakaguna. Januarius akafikiri, akasema ni kweli. Kwa bahati, kwenye msafara wao alikuwepo bwana mifugo kutoka Maswa, Selestini, mzee mwenye sauti ya kukwaruza, asiyemjua mtu yeyote pale. Athanasi akarudi nyuma akasimama mbali, karibu na tanuri la matofali. Benedikta akamshika Ruksa kichwa kama kawaida.

Selestini aliingiza mkono. Akatazama juu, kama wanavyofanya wote, utafikiri jibu liko mawinguni. Akatafuta. Akatulia. Akatafuta tena. Mimi nimeona mambo mengi, nimeshika chatu mzima, lakini siku hiyo nilishika nguzo ya banda. Benedikta alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilikuwa inahesabu, sijui nini.

"Ipo," Selestini alisema. "Upande wa kulia. Miezi miwili na siku chache. Imekaa vizuri."

Dada hakupiga vigelegele. Aliweka paji la uso wake kwenye baka jeupe la Ruksa, akakaa hapo. Vigelegele walipiga wanawake wengine. Januarius akafungua kadi ya mradi akatoa kalamu.

"Inabidi niandike. Joto lilionekana saa ngapi, na aliyeliona ni nani?"

"Mimi. Alfajiri."

"Taarifa ilipelekwa na nani?"

Mimi nikaiweka kofia sawa. Benedikta alinitazama mara moja tu.

"Mimi."

"Kwa nani?"

Alinyanyua uso. Watu wote walikuwa wanajua, lakini walitaka kusikia litasemwaje. "Kwa Athanasi, mume wa mwanangu," alisema. "Nilimweleza mwenyewe."

Januarius akaandika bila kunyanyua macho, na kwa jinsi alivyoandika polepole ikaonekana kama neno la kawaida. Ng'washi akaizungusha kamba yake mkononi, akalisogelea banda. Nilidhani analeta ugomvi.

"Ndama akiwa jike ni wangu," alisema.

"Ni wako."

"Basi hayo ya ute utanifundisha. Mimi sina mkwe wa kuzungumza na minyaa yangu."

Hapo Benedikta alicheka. Mbele ya kamati, khanga mdomoni, mabega yanatikisika.

Baadaye wageni walikula, nami nikakaa karibu na mlango wa jiko, mahali ninapopatikana saa za ugali. Ndani walikuwa Benedikta na Joyness. Miaka mitatu ya ndoa Joyness hakuwa amebeba mimba, na watu walikwisha kuanza kumtazama tumbo kabla ya kumtazama uso. Benedikta hakuwahi kumwuliza. Joyness hakuwahi kusema.

"Mama," nilimsikia Joyness, "na mtu je?"

Mwiko ukasimama.

"Mtu ana nini?"

"Ana siku yake kama Ruksa?"

Nilisubiri kusikia akitumwa kuni au maji. Benedikta akavuta kigoda.

"Anayo. Sista alitufundisha kwenye semina ya ndoa, mimi na baba yako, tena kwa mchoro. Nikaona haya kukwambia, nikadhani utaambiwa na wengine. Kaa. Mumeo anatoka na baiskeli siku gani?"

"Jumatatu."

"Anarudi?"

"Jumamosi. Akienda mbali, wiki mbili."

"Anahesabu siku za ng'ombe wa wilaya nzima, za kwako hazijui." Hakusema kwa ukali. "Ule ute mwangavu, wa kuvutika kama wa yai, wewe unauona lini? Ukitoka damu, ni siku ya ngapi baadaye?"

Joyness alinong'ona kitu.

"Basi wiki hiyo asiende popote. Siyo lazima siku yenyewe, mbegu za mtu huvumilia siku mbili tatu, zinaweza kusubiri. Na mkijaribu mwaka mzima isishike, mnakwenda hospitali wote wawili. Nasema wawili. Usikubali kupimwa peke yako kama vile dume halihusiki."

Mimi nina masikio mazuri, na ningeweza kukaa pale nikapata habari za kusimulia mwaka mzima. Lakini miguu ilinitoa. Nilikwenda kukaa na Athanasi kwenye tanuri la matofali, tukatazama mawingu, ugali wangu ukapoa jikoni.

Ruksa alizaa mwezi wa sita, jike, baka liko bega lile lile, na Ng'washi alikuja kumchukua alipoacha kunyonya, kwa kamba ile ile. Mzao wa pili ulikuwa dume. Maziwa tuliyanywa, mengi niliyanywa mimi.

Na ninyi najua mnachotaka kuniuliza, kama Joyness alipata mtoto. Habari za siku za watu niliacha kuzibeba tangu siku ile. Anakaa pale pale mjini. Nendeni mkamwulize mwenyewe.